Sanduku la Sataranji: Askari wa ziada, halafu sare

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliotoka mashindanoni, na wengi wana hasira. Nimechagua zile ambazo wenyewe wamenitumia karatasi ya mchezo au wameeleza jambo likaeleweka. Walioniandikia tu "nilikuwa nashinda kabisa halafu sijui ilikuwaje", leteni hatua, jamani. Mimi si mganga.

Kwa msomaji mgeni: miraba naitaja kwa herufi na namba, a mpaka h kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye nyeupe, na 1 mpaka 8 kuanzia upande wake. Cheki ni mfalme kushambuliwa, chekimeti ni cheki isiyo na pa kutokea, na mkwamo ni mwenye zamu kukosa hatua halali huku mfalme wake hajapewa cheki: hiyo ni sare.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchezaji wa klabu, nakaa meza ya nne kwenye timu. Raundi ya mwisho ya mashindano yetu nilipangwa na mtu wa kiwango changu, dakika 90 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Nilikuwa na nyeupe. Tulianza kwa ufunguzi wa Kiitaliano, tukabadilishana kete moja baada ya nyingine, nikabaki na ngome na askari mmoja f2, yeye ngome tupu. Hatua ya 59 nilimpa mfalme wake wa h6 cheki kwa ngome a6. Akakinga kwa ngome g6. Nikaila, naye akaila yangu kwa mfalme. Nikajua nimeshinda: mimi mfalme e3 na askari f2, yeye mfalme g6 peke yake. Hatua kumi baadaye ikawa mkwamo, sare. Mwenzangu klabuni anasema shida yangu ni ufunguzi, niache Kiitaliano nisome Kihispania. Nimepotea wapi? Karatasi nimeambatanisha. *Wa Meza ya Nne*

JIBU: Marahaba, kijana. Kwanza mwache mwenzako na Kihispania chake. Mchezo uliofika hatua ya 59 ukiwa na askari wa ziada haukuharibiwa na hatua ya tatu. Kila klabu ina mtu wa namna hii: ukipoteza kwa kuchoka atakwambia ubadili ufunguzi, ukipoteza kwa njaa atakwambia ubadili ufunguzi.

Karatasi yako nimeisoma mstari kwa mstari. Una tabia nzuri ya kuandika pembeni muda uliobaki kwenye saa, na hiyo ndiyo iliyokusaliti. Kwenye hatua ya 60, ulipoila ngome, umeandika dakika 14. Kwenye hatua ya 61 umeandika tena dakika 14, na kalamu umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Maana yake hukufikiri hata kidogo. Ulikuwa umeshashinda kichwani, mkono ukamsukuma askari f4. Mchezo mzima ulikuwa hapo.

Kabla ya hapo mpinzani wako alikupa zawadi. Mfalme wake alikuwa na pa kukimbilia: g7, h7, g5, h5. Angebaki na ngome yake, mfalme wake akiwa karibu na njia ya askari wako, angekuwa na matumaini makubwa ya sare, kwa sababu ngome na askari dhidi ya ngome ni kazi ngumu kwa anayetaka kushinda. Lakini saa ilimbana, akakinga kwa ngome. Kubadilishana kulikuwa sahihi kabisa kwako, hapo sikulaumu. Lawama ni hatua iliyofuata.

Sasa chukua ubao, weka kete tatu tu: mfalme mweupe e3, askari mweupe f2, mfalme mweusi g6. Zamu ya mweupe. Swali la kujiuliza si "askari wangu atafikaje f8?" bali "mfalme wangu atasimama wapi ili mfalme wake asiweze kumzuia askari?" Kwa askari aliye f2, miraba ya ushindi ni e4, f4 na g4. Mfalme wako akikanyaga mmojawapo, mchezo umekwisha, haijalishi zamu ni ya nani. Askari akiwa f3, miraba hiyo inapanda: e5, f5, g5. Akiwa f4, inakuwa e6, f6, g6. Umeona ulichokifanya? Ulikuwa na mfalme e3, hatua moja tu kutoka f4 au e4. Ukamsukuma askari miraba miwili, na miraba ya ushindi ikaruka nayo miwili, ikaenda kukaa mstari wa sita, mbele ya pua ya mfalme mweusi.

Hatua iliyotakiwa ni mfalme f4. Mweusi hana jibu bora kuliko mfalme f6. Sasa wafalme wanatazamana kwenye safu moja, mraba mmoja katikati, na zamu ni yako. Kwa kawaida hapo anayetakiwa kucheza ndiye anayeumia, maana lazima apishe. Ila wewe una kitu ambacho mwenzako hana: askari aliye f2 bado hajagusa chochote, ana hatua moja ya akiba. Unacheza 62. askari f3, hatua ndogo isiyo na kelele, na zamu inamwangukia yeye. Lazima apishe. Akienda e6, wewe unaingia g5. Akirudi f7 kukuzuia, unakwenda f5, mnatazamana tena na zamu ni yake. Akienda e7, unaingia g6. Yeye e6, wewe askari f4. Yeye e7, wewe askari f5. Yeye f8.

Simama hapo, maana hapa ndipo wengine wanaotoka vizuri huanguka. Mfalme wako g6, askari f5, mfalme wake f8. Mkono unawasha kumsukuma askari f6. Usimsukume! Ukifanya hivyo atajibu mfalme g8, kisha askari f7 cheki, mfalme f8, na mfalme wako akija f6 kumlinda askari, mweusi hana pa kwenda wala hajapewa cheki. Sare. Badala yake cheza mfalme f6. Akienda e8, unapita g7. Akienda g8, unapita e7. Kutoka hapo askari anatembea mwenyewe mpaka f8 na hakuna wa kumgusa.

Sasa tuangalie kilichotokea, kwa sababu mpinzani wako naye anastahili sifa. 61. askari f4, mfalme f6. 62. mfalme e4, mfalme e6: wametazamana na zamu ni yako, ila safari hii huna akiba. 63. askari f5 cheki, mfalme f6. 64. mfalme f4, mfalme f7. 65. mfalme e5, mfalme e7. 66. askari f6 cheki, mfalme f7. 67. mfalme f5, na hapa mweusi ana hatua moja tu inayookoa: mfalme f8, kurudi nyuma moja kwa moja. Angerudi e8, ungeingia e6, yeye f8, wewe askari f7, yeye g7, wewe mfalme e7, na malkia mpya yuko mlangoni. Angerudi g8, ungefanya vile vile kwa upande wa pili, kupitia g6. Yeye alirudi f8. 68. mfalme e6, mfalme e8; 69. askari f7 cheki, mfalme f8, 70. mfalme f6, mkwamo. Mtu aliyebakiwa na muda mdogo hivyo na akarudi f8 amewahi kukaa na somo hili. Wewe hujakaa nalo, ndiyo tofauti yenu siku ile. Kiwango kwenye karatasi kilikuwa kimoja.

Usihuzunike sana. Uingereza ya karne ya 17 walikuwa na kanuni kwamba anayemkwamisha mwenzake ndiye aliyeshindwa. Ungetoka na sifuri.

Capablanca, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alikuwa akisisitiza kwamba masomo yaanze na miisho ya mchezo kabla ya funguzi, na sababu ni hii hii. Ukiwa na kete tatu ubaoni unajua kila kete inafanya nini. Ukijua nafasi hii ya f2 na f3 barabara, utajua ni lini ubadilishane ngome na ni lini ukatae, hata zikiwa zimebaki kete kumi na mbili. Mtu asiyeijua hubadilishana kwa kubahatisha.

Kwa hiyo zoezi lako ni hili, na usilifanyie kwenye kompyuta. Mkalishe huyo mwenzako wa Kihispania mbele yako. Weka kete tatu kama zilivyokuwa. Wewe ucheze nyeupe ushinde, kisha mgeuze ubao yeye acheze nyeupe. Halafu mweke askari f4 toka mwanzo, na safari hii wewe uwe mweusi, utafute sare. Anzeni kila mara mfalme mweusi akiwa mraba mwingine. Jioni moja inatosha. Jambo moja tu lisikuchanganye: haya yote ni kwa askari wa safu za katikati. Askari wa a au h ana ugonjwa wake. Mfalme mweusi akishawahi kwenye kona mbele yake, hakuna kutazamana kutakakomtoa, ni sare tu.

Na Kiitaliano endelea nacho. Kinakufikisha hatua ya 59 ukiwa mbele. Unataka nini tena?

SWALI: Mimi hucheza nyeusi dhidi ya Kiitaliano na kila mara mtu ananirukia farasi g5 kupiga f7. Natoka damu kabla ya hatua ya kumi. Niache kucheza farasi f6? *Mwoga wa f7*

JIBU: Usiache. Hatua unazozijua: e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4 farasi f6, farasi g5. Unajibu askari d5, anakula d5, na hapa ndipo wewe, kwa barua yako, unakula tena kwa farasi. Ni halali, lakini unamwalika aile f7 kwa farasi, mfalme wako alazimike kumla, malkia wake aje f3 na cheki, na wewe kumlinda farasi wa d5 kwa mfalme uliyemtoa mpaka e6, katikati ya ubao. Wapo wanaoisoma nafasi hiyo kwa undani na kuiishi. Wewe si mmoja wao, na mimi pia sitaki kukaa hapo.

Badala ya kula, cheza farasi a5. Anayeogopeshwa sasa ni askofu wake wa c4. Kwa kawaida atatoa cheki b5, unaziba kwa askari c6, anakula, unakula kwa askari wa b. Hesabu kete: una pungufu ya askari mmoja. Lakini kila hatua inayofuata unamfukuza mtu. Askofu wake hana raha, farasi wa g5 naye atafukuzwa kwa h6, na kete zako zinatoka kila moja ikiwa na kazi. Nakushauri ujifunze kuishi ukiwa pungufu ya askari mmoja. Wachezaji wa klabu hulia wakipoteza askari kama aliyeibiwa, na kwa kulia huko wanasahau kuangalia nani ana kete zinazofanya kazi.

SWALI: Nilitaka kumficha mfalme upande wa h. Nikaishika ngome ya h1 kwanza, nikaiweka f1, ndipo nikamshika mfalme. Mpinzani akasimamisha saa, akamwita mwamuzi, mwamuzi akasema ngome ibaki f1 na mfalme arudi e1. Ni haki hii? Kila mtu aliona nilichotaka kufanya. *Aliyeonewa*

JIBU: Hukuonewa, ndugu yangu. Kwenye hatua hii mfalme ndiye anayeguswa kwanza, kwa mkono mmoja. Anasogea miraba miwili kuelekea ngome, kisha mkono ule ule unaivusha ngome. Kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, ziko wazi: ukigusa ngome kwanza kisha mfalme, huruhusiwi kuifanya upande ule kwa hatua hiyo, na kete uliyoigusa kwanza ndiyo inayosogea. Na kwa kuwa ngome ile imeshasogea, upande ule haki hiyo imekwisha mpaka mwisho wa mchezo. Kwamba "kila mtu aliona" haisaidii. Mwamuzi hahukumu nia, anahukumu mkono.

Ila nikupe silaha kwa siku nyingine. Mpinzani akikuvunjia kanuni ya kugusa, dai palepale. Ukishagusa kete yako kwa kukusudia, haki yako ya kudai imekwenda. Nimeona watu wakicheza hatua mbili tatu huku wakinung'unika, ndipo wanakumbuka kumwita mwamuzi. Wamechelewa. Na kama kete imekaa vibaya kwenye mraba wake na unataka kuinyoosha, sema "narekebisha" kabla ya kugusa, tena zamu ikiwa yako. Kusema baada ya kugusa ni kuomba msamaha, si kurekebisha.

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 34, si mtoto, ila ndiye aliyeniambia nikuulize. Nina pointi 1650 za kimataifa. Nimefungwa na mtu wa 1450. Nimeshuka 15 kwa mchezo mmoja! Nikimshinda ningepata 5 tu. Huu si wizi? *Mzee wa 1650*

JIBU: Shikamoo mzee. Si wizi, ni hesabu. Mfumo huu unaitwa Elo kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, na FIDE iliuchukua 1970. Ukimzidi mtu kwa pointi 200, mfumo unategemea upate karibu 0.76 ya pointi ya mchezo (ushindi ni 1, sare nusu, kufungwa 0) kwa kila mchezo dhidi yake. Yaani mkicheza michezo mia, unatarajiwa kuvuna kama pointi 76. Kwa mchezaji wa kiwango chako aliyekwisha kuzoea mashindano, tofauti ya ulichopata na ulichotegemewa huzidishwa kwa 20. Ukishinda: 1 toa 0.76, mara 20, unapata karibu 5. Ukifungwa: 0 toa 0.76, mara 20, unapoteza karibu 15. Hata sare ingekupunguzia kama 5.

Sasa geuza karatasi. Yule wa 1450 amekaa nyumbani anasherehekea, na kama bado ni mgeni kwenye orodha, asiyefikisha michezo 30, kizidishi chake ni 40, si 20. Amepanda kama pointi 30 kwa kukufunga wewe. Ndiyo maana kwenye mashindano ya wazi ukipangwa na kijana asiyejulikana mwenye namba ndogo, usiangalie namba. Namba yake inasema alivyokuwa miezi iliyopita. Vijana hupanda haraka kuliko orodha inavyoweza kuwafuata, na wazee tunawalipia tofauti.

SWALI: Nafasi ilirudi mara tatu, sina shaka. Nilicheza hatua, nikabonyeza saa, nikamwita mwamuzi nikadai sare. Mwamuzi alikataa bila hata kuangalia. *Mara Tatu*

JIBU: Alikataa kwa haki. Ukitaka kudai, hatua itakayoileta nafasi kwa mara ya tatu unaiandika kwanza kwenye karatasi, huichezi, kisha unamwambia mwamuzi. Au, kama nafasi imeletwa na hatua ya mpinzani, unadai kabla hujagusa kete. Wewe ulicheza, ukabonyeza, ukampa mwenzako zamu. Dai likafa hapo.

Kuhusu "sina shaka", hakikisha. Nafasi tatu si lazima zifuatane, lakini lazima ziwe zile zile kwa kila kitu: kete zote, zamu ya mtu yule yule, na haki zile zile za kumficha mfalme kwa ngome na za kula askari kwa kupita (yaani kumla askari aliyeruka miraba miwili kana kwamba amesogea mmoja). Ukidai vibaya, mpinzani huongezewa dakika mbili. Nafasi ikirudi mara tano, mwamuzi husimamisha mchezo mwenyewe bila kuombwa. Vivyo hivyo hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa unaweza kudai, na zikifika 75 mchezo unakwisha wenyewe, isipokuwa kama hatua ya mwisho ilikuwa chekimeti.

SWALI: Kwa nyongeza ya sekunde 30, nikibakiwa na dakika moja naruhusiwa kuacha kuandika? *Mvivu wa Kalamu*

JIBU: Hapana. Ruhusa ya kuacha kuandika ukiwa chini ya dakika tano ni kwa mashindano ambayo nyongeza ni chini ya sekunde 30, au hakuna kabisa. Wewe unapewa sekunde 30 kwa kila hatua, na sehemu yake ni ya kalamu. Tena usiandike hatua kabla ya kuicheza, ila unapodai sare kama nilivyomweleza Mara Tatu. Wapo wanaofanya hivyo kisha wanakaa kuitazama karatasi kama ndiyo ubao.

SWALI: Nilikuwa na nafasi nzuri, nikamwachia mpinzani chekimeti ya hatua moja. Moja! Nimeamua kuacha mchezo huu. *Aibu Tupu*

JIBU: Ukiacha, ufuatane na Vladimir Kramnik. Mwaka 2006, akiwa bingwa wa dunia, alicheza mjini Bonn na programu ya Deep Fritz. Nafasi yake ilikuwa salama, akampeleka malkia e3, na kompyuta ikamweka malkia wake h7, chekimeti. Bingwa wa dunia, mchana kweupe, hatua moja. Hakuacha, akarudi mezani siku zilizofuata.

Katika mchezo wako kuna jambo ninalotaka uliangalie kuliko ile hatua yenyewe. Hatua tatu mfululizo kabla ya pale ulikuwa unasogeza ngome huku na huku ukitafuta namna ya kuiweka safu ya d, na hukuwa umejibu hata moja ya hatua za mpinzani. Yeye aliweka malkia c7, akaweka askofu d6, zote mbili kwenye mshazari mmoja zikilenga h2. Wewe uliandika hatua zake kwenye karatasi kwa mwandiko safi kabisa, zote. Uliziandika, hukuzisoma. Kuanzia mchezo ujao, ukimaliza kuandika hatua ya mpinzani, weka kalamu chini na uulize kete hiyo sasa inafika wapi ambapo haikuwa inafika kabla. Ndipo ushike yako.

SWALI: Mpinzani aliniomba sare mara nne kwenye mchezo mmoja, tena mara zote saa yangu ikiwa inakwenda. Nimjibu vipi mtu kama huyu? *Mwenye Subira*

JIBU: Usimjibu yeye, mwite mwamuzi. Utaratibu ni mtu kucheza hatua yake, kuomba sare, kisha kubonyeza saa, mara moja. Kuomba tena na tena bila sababu ni kusumbua, na kanuni inakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote. Kama alikuomba wakati wewe unafikiri, ombi lenyewe bado linahesabika: unaweza kulikubali, kulikataa kwa mdomo, au kucheza hatua yako tu, na hiyo ni kukataa. Mwamuzi anaweza kumwonya au kumwadhibu. Lakini simamisha saa kwanza ndipo uinue mkono. Dakika za malalamiko zisitoke kwenye zako.